Karibu Kiti

Dodoma ni mji wa viti. Wapo wanaokuja kutafuta kiti, wapo wanaokuja kutetea kiti, na wapo ambao kiti walishakipata, sasa wamekuja kukisinzilia. Wapo pia wa viti maalumu. Kisha kuna waungwana wasiohusika na lolote kati ya hayo, ambao mchana ukiwaka huketi nyuma ya soko la Majengo kula kitimoto, yaani nguruwe wa kukaanga kwa ndizi na pilipili, halafu hufuta midomo na kurudi makwao na heshima zao zote.

Ni hapo Castory alipoisikia sentensi iliyomharibia maisha, au iliyomtengenezea. Wanaomfahamu bado wanabishana.

"Natafuta viti viwili," kijana mmoja alikuwa akisema kwenye simu, kwa sauti iliyofika hadi kwa wakaanga ndizi. "Viwili tu. Kwenye bei sitakuwa na maneno."

Meza zote zikanyamaza. Huu ni mji ambao mtu akitaja kiti, hata sahani husikiliza.

"Viwili kwa mpigo?" akauliza mzee mmoja mwenye kijiti cha meno mdomoni. "Kijana, anza na kimoja. Unagombea wapi? Bahi?"

"Hapana, mzee wangu."

"Chemba? Chemba usiende. Mimi nilikwenda, nikarudi na kofia tu."

"Viti vya gari, mzee."

"Aa," mzee akasema, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeonyeshwa sahani ikarudishwa jikoni. Watu wakarejea kwenye nyama zao. Gari lina faida gani kwa umma?

Castory peke yake hakurejea kwenye nyama. Kwanza, hakuwa na nyama. Alikuwa na soda moja aliyoinywa kwa mpango. Pili, alikuwa mtu wa kazi. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuieleza kwa mtu wa serikali. Alikuwa na kaunda suti ya kijivu, brifkesi nyeusi ya ngozi halisi iliyokuwa na mswaki ndani, na mdomo. Kwa vifaa hivyo vitatu aliwahi kuuza kiwanja chenye mandhari nzuri sana. Mandhari ilikuwepo. Kilichokosekana ni kiwanja.

Akasogeza soda yake hadi kwenye meza ya kijana.

"Bosi, samahani. Ni gari gani hilo?"

"Datsun ya mbio, ile 240Z," akasema kijana, aliyejitambulisha kwa jina la Joel. "Mwili ninao, injini ninayo. Viti vimeliwa na panya. Nataka vile orijino, vyeusi, vilivyotoka nayo kiwandani. Nasikia hapa mjini ipo moja imelala kwenye ua wa mtu. Sijui ni kwa nani."

"Mimi ninajua," akasema Castory, ambaye hakujua. "Hesabu umekwisha kaa."

Waendesha bodaboda wanajua kila kitu kilicholala kwenye ua wa mtu. Kabla jua halijapinda, Castory alikuwa mtaa wa Kikuyu, kwenye geti la Mama Penina, akipiga hodi kwa unyenyekevu wa mtu aliyeletwa na msiba.

Gari lilikuwepo. Lilikuwa chini ya mzabibu, limefunikwa turubai lililochanika, pua yake ndefu nyekundu imejitokeza kama mtu anayechungulia shughuli za jirani. Castory akatazama dirishani. Dari ilikuwa imelegea na kuning'inia. Dashibodi ilikuwa imepasuka kwa jua. Zulia lilikuwa limegeuka udongo. Mbele kulikuwa na viti viwili, vyeusi, na juu ya kile cha abiria alikuwa ameketi kuku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani. Karibu kiti."

Inafaa msomaji ajue Mama Penina alikuwa nani. Maisha yake yote ya kazi, hadi alipostaafu, aliyatumia mapokezi ya wizara moja. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu "karibu kiti", na wao kazi yao ilikuwa kuketi. Wapo walioketi hadi wakasahau shida iliyowaleta. Kutokana na kazi hiyo alipata kipaji kimoja: aliweza kujua, mtu akiwa bado mlangoni, kama ana shida ya kweli au ana brifkesi.

Sebuleni kulikuwa na viti viwili vifupi vyenye migongo mirefu, vimevalishwa vitambaa vyeupe vya kufuma kwa mkono, maua mekundu pembeni, kuanzia kichwani hadi miguuni, kama ilivyo kwenye nyumba yoyote inayojiheshimu. Castory akaketi kwenye cha kushoto. Kikamkumbatia. Magoti yakapanda juu, mgongo ukalala nyuma wenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akahisi kwamba dunia haina kinyongo naye.

"Mama, nitasema ukweli," akaanza. Ndivyo alivyoanza siku zote. "Mimi ni fundi wa viti. Vile viti vya waheshimiwa unavyoviona kwenye televisheni, mkono wangu umepita pale."

"Vyote?"

"Vya mbele. Sasa nimepita hapa nje nikaona ile Datsun, machozi yakanitoka. Ile si gari, mama, ile ni kumbukumbu ya taifa. Nipe ruhusa niitengeneze ndani yote, bure. Ukitaka kunishika mkono, nitachukua yale mabovu utakayotupa. Kama vile viti, kwa mfano. Vimeoza. Nikavichome moto."

"Uvichome?"

"Kwa heshima."

Mama Penina akamtazama, akaitazama brifkesi.

"Ombi lako limepokelewa," akasema. "Linafanyiwa kazi."

Kisha akamweleza shida yake, na shida hii ilikuwa ya kweli. Marehemu mumewe, Lameck, aliliendesha gari lile kwenye mbio za magari enzi za ujana wake, na kabla hajafa alimwahidi binti yao Cecilia kwamba siku ya harusi atalipanda kwenda kanisani. Harusi imekaribia. Injini imefufuliwa, mwili umepigwa rangi. Ndani ndiko kumeshindikana. Mafundi aliowapata ni watu wema, waaminifu, wasomaji wa Biblia, na kila mmoja anasema kesho. Sasa Cecilia ameanza kusema si kitu, atakodi gari lolote. "Akisema si kitu," akasema Mama Penina, "nasikia baba yake anageuka kule alikolala."

"Anaolewa na nani?" Castory akauliza kwa adabu.

"Kijana mmoja mzuri tu. Ila ana sauti kubwa kwenye simu."

Castory akatikisa kichwa kwa huruma. "Basi kesho asubuhi nitatoa viti, nivipeleke karakana yangu."

"Karakana yako iko wapi?"

"Kwa sasa inahama."

"Basi ihamie hapa. Hapa kwangu viti hutoka mwisho. Kikitoka mwanzo, fundi husahau kurudi. Halafu yule kuku ameatamia. Mpaka aangue."

Hivyo ndivyo Castory, mtu ambaye hajawahi kushika spana isipokuwa ya kuuza, alivyoingia kwenye ufundi.

Alikuja kila siku. Hilo majirani waliliona na kushangaa, kwa sababu mtaa ule haukuwahi kuona fundi anayerudi siku ya pili. Alikuja mapema, kaunda suti ameikunja ndani ya brifkesi pamoja na mswaki. Kwanza alimwangalia kuku. "Bado, mama mdogo?" angemuuliza, na kuku angemtazama kwa jicho moja, kama karani aliyefungua dirisha nusu. Kisha alianza.

Kwa kuwa hakujua kitu, alijifunza kila hatua msalani, mlango umefungwa, akitazama video kwenye simu sauti imezimwa. Alikwenda kujifunza namna ya kubandua zulia bila kung'oa sakafu. Alikwenda kujifunza kusugua kutu kwa brashi ya waya hadi bati ling'ae, na kupaka rangi ya kuzuia kutu kabla hujaweka chochote juu yake. Dari ilimpeleka mara nyingi sana, kwa sababu kitambaa cha dari hupakwa gundi pande zote mbili, husubiriwa ikauke kidogo, kisha hubandikwa kuanzia katikati kwenda pembeni, na ukikosea kinabaki na mikunjo kama uso wa mpiga kura.

"Mwanangu," Mama Penina akamwambia, akimpa kikombe cha uji, "tumbo lako vipi?"

"Linaendelea, mama."

"Pole. Karibu kiti upumzike."

Naye aliketi kwenye kile kiti cha kushoto, uji mkononi, gundi kwenye nyusi, na kila mara kiti kilimpokea vizuri kuliko alivyostahili. Siku moja alijaribu kile cha kulia.

"Hicho ndicho alichokuwa akikipenda marehemu," akasema Mama Penina, akifuma. "Alikuwa mtu wa upande wa kulia."

Castory akasema kwamba marehemu alikuwa mtu makini, akasinzia.

Kuna jambo lilianza kumtokea ambalo hakumwambia mtu. Dashibodi ilikuwa na nyufa. Angeweza kuzifunika kwa kitambaa akaenda zake, nani angejua? Lakini alizijaza, akazipiga msasa, akapitisha kidole, akahisi kitundu kidogo kama punje ya mtama, akajaza tena. Alipomaliza kuivisha, alikaa akiitazama muda mrefu. Usukani wa mbao aliupaka vanishi, akaukinga vumbi kwa gazeti, akamkaripia jogoo aliyepita karibu. Usiku alilala akiwaza mishono.

Vifaa vyote alivinunua kwa mfuko wake. Aliuona kama mtaji. Mfuko ulipokwisha akauza saa. Saa ilipokwisha akauza viatu, akabaki na kandambili, na tapeli wa kandambili, hata awe na mdomo gani, hauzi kiwanja. Joel alimpigia simu mara kwa mara.

"Vipi viti, kaka?"

"Vimeatamiwa, bosi."

"Vimefanywaje?"

"Subira, bosi. Subira."

Hatimaye kuku akaangua. Castory aliwahamishia vifaranga kwenye boksi kwa mikono yake, akihesabu kama mkunga. Akaja kwa Mama Penina, amejifuta jasho.

"Mama, sasa viti."

"Naam, viti. Kuna vizuri nimepata pa kuvitoa, vitaingia humo badala ya hivyo vibovu. Ila havina nguo. Nishonee nguo zake kwanza, ndipo ubebe hivyo vyako ukavichome."

"Nitashonaje bila kuviona? Nitapata wapi vipimo?"

Mama Penina akatafakari, akaelekeza sindano yake ya kufumia sebuleni.

"Pima hivyo vya sebuleni. Vinalingana. Ila usinivulie vitambaa, nimefuma kwa macho yangu haya."

Castory akapima. Alipima mgongo, alipima makalio, alipima ile sehemu ya kichwa inayoungana na mgongo. Alipiga magoti mbele ya viti vile na futi ya kamba mdomoni, akavizunguka, akavipapasa, akaingiza mkono chini ya kitambaa kutafuta pindo, akaandika namba kwenye kiganja. Mtu mwingine huenda angejiuliza kwa nini kiti cha sebuleni kina mpini mdogo wa chuma pembeni, ambao ukiuvuta kiti kinalala. Castory alidhani ni mambo ya wazee.

Akashona kwa cherehani ya Mama Penina, ngozi nyeusi, mistari minene kama migongo ya samaki, kama alivyoona kwenye video. Nguo ya kiti cha kwanza ikatoka sawa. Ya pili ikapungukiwa ngozi upande wa kichwa, kipande cha ukubwa wa sahani. Madukani hakukuwa na ngozi inayofanana. Alitembea mji mzima na kandambili zake akifananisha weusi na weusi, na hakuna uliolingana. Angeweza kutia kiraka cha rangi nyingine. Mtu aliyeuza mandhari bila kiwanja angetia kiraka.

Akarudi, akafungua brifkesi, akatoa suti, akatoa mswaki. Akaikata.

"Hiyo si ofisi yako?" akauliza Mama Penina, ambaye hakuuliza mambo kwa kushangaa.

"Ngozi ni ile ile, mama," akasema Castory bila kuinua macho.

Siku iliyofuata alifungua bolti za viti vya gari. Zilikuwa zimeshikwa na kutu, akazilowesha dizeli, akazibembeleza, zikaachia. Mama Penina aliwaita vijana wawili wa mtaa wakamsaidia kupakia viti vibovu kwenye kirikuu ya kukodi, kigari kidogo cha mizigo.

"Uvichome vizuri," akasema.

"Kwa heshima, mama."

Joel alifurahi mno kwenye simu. "Njoo navyo Jumamosi mchana, kwenye ukumbi ulio karibu na stendi. Nina shughuli ndogo pale. Malipo tutaonana hapo hapo."

Jumamosi, Castory alivaa suti yake ya kijivu, iliyokuwa na mikunjo kwa kukosa brifkesi. Njia nzima aliketi nyuma ya kirikuu juu ya vile viti, akipanga maisha. Angenunua viatu kwanza. Kisha angenunua brifkesi, kisha angehama mkoa.

Nje ya ukumbi palikuwa na magari mengi, na mbele yake, likiwa na riboni nyeupe kwenye pua yake ndefu, palikuwa na gari jekundu.

Castory akashuka. Akalisogelea polepole. Alitazama dirishani kama siku ile ya kwanza. Dari ilikuwa imenyooka. Dashibodi iling'aa. Na mbele kulikuwa na viti viwili vyenye migongo mirefu, vimevaa nguo alizozishona yeye, vimekaa ndani ya gari lile kama mtu aliyerudi kwenye kitanda chake. Kwenye kichwa cha kile cha kulia aliiona brifkesi yake. Pembeni ya kila kiti kulikuwa na mpini mdogo wa chuma.

Kisha akageuka kuvitazama vile alivyovileta.

"Hivyo ni vya Peugeot," sauti kubwa ikasema nyuma yake. Ilikuwa ya Joel, amevaa suti nyeupe na ua la bwana harusi kifuani. "Pole, kaka. Ile simu niliipiga kwenye kila baa ya mji huu. Wote walidhani nagombea. Wewe tu ndiye uliyesikia viti vya gari. Mama akasema basi huyo ndiye."

"Mama nani?"

Mama Penina alikuwa amesimama mlangoni, amevaa kitenge cha sare, mtulivu kama mtu aliye mapokezi.

"Shikamoo, mama," akasema Castory. Kuna mambo ambayo mtu hayaachi hata akiwa ametapeliwa.

"Marahaba, mwanangu. Tulipooana, mimi na Lameck hatukuwa na viti. Nikamwambia, wageni watakaa wapi? Akavitoa vile kwenye gari, akaviwekea miguu ya mbao, na garini akatia vya Peugeot. Mimi nikavifumia vitambaa."

"Ungeniambia."

"Kila siku nilikuambia," akasema Mama Penina. "Kila siku. Karibu kiti, karibu kiti. Ukaketi."

Castory akafungua mdomo wake, kimojawapo cha vifaa vyake viwili vilivyobaki, na kwa mara ya kwanza haukuwa na bidhaa.

"Kwa nini mimi, mama? Mafundi wamejaa mji huu."

"Waaminifu wamejaa. Mwaminifu anakuja siku akijisikia. Mimi nilikuwa na tarehe. Nikasema nitafute mtu mwenye haraka yake." Akamtazama tangu nyusi hadi kandambili. "Cecilia ameshuka kwenye gari hilo analia. Amesema ndani linanuka kama zamani, baba akiwa hai. Sasa ingia ule. Wali upo, nyama ipo. Ila umechelewa, viti vimejaa."

Vilikuwa vimejaa kweli. Castory akateremsha kimoja cha Peugeot, akakiburuta hadi ndani, akakiweka nyuma kabisa ya ukumbi, akaketi. Hakikumkumbatia. Mshereheshaji akatangaza kwamba kabla ya keki, familia inamshukuru fundi aliyelitengeneza gari la marehemu kwa mapenzi tu, bila kudai hata senti, na kwamba mfano wa namna hii ni adimu katika taifa. Watu wakageuka, wakapiga makofi. Cecilia, na shela lake, akasimama na kumpungia. Castory akasimama kidogo, akainama, akaketi. Mtu wa karibu alisema baadaye kwamba macho yake yalikuwa na maji, lakini ukumbini mlikuwa na pilipili.

Kabla hajamaliza wali, bwana mmoja mnene mwenye funguo nyingi akavuta kiti cha plastiki, akaketi karibu naye. Akafuata mama mmoja wa Kondoa, kisha mchungaji.

"Fundi," akasema yule bwana, "nimeingia kwenye lile gari kwa makusudi. Nimepitisha mkono kwenye dashibodi. Sijapata kuona kazi kama ile. Nami nina Benzi yangu ya zamani nyumbani, ndani imekwisha kabisa. Nitalipa utakachosema. Utakuja lini?"

Castory alimtazama bwana yule, akazitazama zile funguo. Zamani angekwisha kuvijua vyumba vyote zinavyofungua. Sasa aliwaza dari ya Benzi, kwamba ni pana, na kwamba gundi nzuri haipatikani Majengo. Akachukua kijiti cha meno.

"Kesho," akasema.

Mama Penina alikuwa akipita na sinia la soda. Neno lile likamfikia. Akasimama, akamsikiliza tena Castory akimwambia mama wa Kondoa kesho, na mchungaji kesho, kisha akamwendea mkwewe mpya.

"Huyo tena hatumpati," akamwambia. "Ameshakuwa mwaminifu."